Kreti la Soda Nyuma ya Kabati

Kabula mwanangu,

Uliniomba barua. Juzi jioni ulikuwa unajaribu sweta la shule mpya mbele ya kioo cha kunyolea cha baba yako, ukasema bila kunitazama, "Mama, niandikie barua nikampe matroni. Useme nina kifua, wasinipeleke mchakamchaka." Nikasema sawa. Nikajifanya natafuta mkasi, maana uso wangu ulikuwa umeanza kuharibika na sikutaka uuone.

Basi barua ndiyo hii. Siyo ile uliyoiomba, na siyo ya matroni. Ni yako mwenyewe. Uisome ukiwa umetulia, siyo melini huku baba yako anachungulia begani.

Leo nimefunga kibanda mchana kweupe, tena Jumamosi. Hapa Mkolani watu wamedhani kuna msiba. Vijana wa bodaboda wamegonga kioo cha kabati la chipsi wee, "Mama Bonge, kulikoni? Mafuta yamekuishia?" Nimewajibu nina kazi ya kuandika, wakacheka, wakaenda zao. Sasa nimekaa huku nyuma, karai limepoa, na wewe nakusikia hapo kiwanjani unabishana na wenzako nani kapigwa na mpira na nani hakupigwa. Sauti yako iko juu kuliko zote. Kesho jioni mtakuwa bandarini na baba yako mnapanda meli ya Bukoba, na hapo kiwanjani nitabaki nasikia watoto wa watu tu.

Mambo ya tranka, kufuli, ndoo na sabuni tumeshayamaliza. Nikiyarudia utasema mama yako amegeuka redio. Nataka tuongee hili la kifua, kwa sababu wewe na mimi tunajua kifua chako hakina shida, na tunajua pia nani alikuwa wa kwanza kukisingizia.

Ulikuwa mtoto wa mbio. Najua huamini, lakini waulize majirani. Ulipoanza kutembea hukutembea, ulikimbia moja kwa moja, ukaanguka, ukainuka, ukakimbia tena. Nilipofungua kibanda hiki ulikuwa mdogo bado, hujaanza hata chekechea, na nilikuwa nakuja na wewe kwa sababu nyumbani hakukuwa na wa kukuacha naye; baba yako alikuwa akirudi kutoka lindo la usiku kiwandani, analala. Wewe ulicheza hapo mbele na mpira wa mifuko ya nailoni. Siku moja mpira ukabingirika mpaka barabara kubwa, na wewe nyuma yake. Lori la pamba lilikuwa linatoka Shinyanga. Nilisikia breki kabla sijaona kitu. Nilipofika ulikuwa umesimama katikati ya lami, mpira umeukumbatia, bampa la lori liko juu ya kichwa chako. Dereva alishuka, akakaa chini kwenye vumbi, mikono kichwani. Alipopata sauti alisema, "Mama, huyu mtoto mfunge."

Nikakufunga. Kamba sikutumia, nilitumia kreti. Nilichukua kreti tupu la soda, lile jekundu lenye ufa pembeni, nikaligeuza, nikatandika khanga juu, nikaliweka nyuma ya kabati kati ya gunia la viazi na ndoo ya kuoshea. Nikakwambia, "Kaa hapa nikuone." Na ili ukae, nikakupa chipsi.

Sijutii kuogopa lile lori. Mpaka leo nikisikia breki kali pale barabarani, mkono wangu unaacha mwiko. Ninachojutia ni kwamba woga wa siku moja niliufanya kuwa utaratibu wa miaka. Ulikuja kibandani asubuhi ukakaa. Ulipoanza shule ulirudi mchana, ukavua begi, ukakaa. Ukiinuka nilisema, "Unakwenda wapi?" hata kama ulikuwa unakwenda chooni. Ukilalamika nilikupa soda. Ulikuwa mtoto mtulivu, kila mtu alikusifia kwa utulivu, na mimi niliamini kwamba mtoto mtulivu ni mtoto aliyelelewa.

Halafu ukaanza kunawiri. Hilo ndilo neno tulilolitumia, kunawiri. Mashavu yakajaa, mikono ikapata mikunjo, na mimi nikafurahi, Kabula, nikafurahi sana. Unajua nimekulia Kisesa, upande wa kwenda Bujora, kwenye nyumba ambayo kuna misimu tulikula mara moja tukalala. Kwetu mtu mwembamba alikuwa mtu mwenye matatizo. Bibi yako mpaka leo akikutembelea hakusalimii kwanza, anakushika mkono juu ya kiwiko aone kama umejaa. Alipokushika wewe wakati huo alipiga kigelegele hapa hapa kibandani, wateja wakageuka. "Mayu, mama wee! Sasa huyu ni mtu," akasema. Mimi nilipokuwa na umri wako nilichunga mbuzi wa mjomba wangu kutwa nzima, nikachota maji, nikapalilia pamba, na ngoma zikilia Bujora nilikimbia kwenda kucheza mpaka vumbi linakaa kwenye meno. Hakuna aliyewahi kuniambia nifanye mazoezi. Niliona hayo yote kama mateso tu, hata raha ya ile ngoma niliisahau, nikaiweka kwenye mateso. Nikaapa mtoto wangu atapumzika. Kupumzika ndiyo zawadi kubwa niliyoijua, na nilikupa kwa mikono miwili.

Biashara nayo ikachangia. Wateja walikuwa wakikuona hapo nyuma na sahani yako, wanasema, "Chipsi za hapa zina afya, mwone mtoto." Nami nilidakia, "Huyo ndiye mwonjaji mkuu." Nilikuwa na mdomo, unanijua. Ndipo Shija, yule fundi wa kuchora mabango, akaja kutafuta kazi. Nilimwambia achore sahani ya chipsi na kuku. Akakutazama akasema, "Mama Kabula, kuku wapo kila kibanda. Huyu je? Tumchore huyu." Nilicheka mpaka nikashika kiuno. Akakuchora ukutani, mashavu kama maandazi, kijiko mkononi, umekaa kwenye kreti lako. Juu akaandika BONGE CHIPSI kwa rangi nyekundu. Kuanzia wiki ile mimi nikawa Mama Bonge, na wewe jina lako likaanza kupotea. Barabara nzima ya Mkolani ilikuona umekaa, hata siku ambazo hukuwepo.

Ulikuwa darasa la kwanza, ungesema nini?

Ulipofika la tatu, kwenye kipindi cha michezo, wenzako walianza kukukataa kwenye timu. Ulirudi ukaenda moja kwa moja kwenye kreti. Nilikwenda shuleni mwenyewe, na kitenge changu kizuri, nikamwambia mwalimu kwamba mtoto wangu ana kifua, akikimbia anahema, naomba asisumbuliwe. Hakuna daktari aliyekuwa ameniambia hivyo. Nilidhani nakuokoa. Nilisema moyoni, kama hakimbii hakuna atakayemcheka. Mwalimu akakupa kazi ya kulinda mabegi. Wenzako wakiwa wanakimbia uwanjani, wewe ulikaa chini ya dirisha la ofisi na rundo la mabegi na masweta. Kwenye kikao cha wazazi mwalimu alisimama akasema Kabula ni mwaminifu sana, tangu aanze kulinda mabegi hakijapotea kitu. Watu wakapiga makofi. Mimi nilirudi nyumbani nimevimba kwa fahari. Mama yako, Kabula! Nilipigiwa makofi kwa sababu mtoto wangu hachezi.

Kile kifua cha uongo kikaanza kufanana na cha kweli. Ulihema ukipanda ngazi za kanisani. Ulilala mdomo wazi, ukakoroma kama baba yako akitoka lindo. Nikakupeleka zahanati. Unamkumbuka yule nesi mwembamba mwenye miwani? Alikusikiliza kifua, akakupima uzito, akakupima urefu, akatazama karatasi yake, kisha akakuambia utoke nje ukanywe maji. Alinisubirisha mpaka umetoka. Hilo nimemshukuru baadaye sana, kwamba alikutoa kwanza.

"Mapafu yake mazima," akaniambia. "Ila mwili umemzidi, na haujazoea kufanya kazi. Usimnyime chakula, bado anakua. Badilisheni chakula cha nyumba nzima, siyo cha kwake peke yake. Soda ziwe za sikukuu. Na acheze kila siku mpaka atoke jasho. Kila siku, mama, siyo siku ya michezo tu."

Nilimwitikia vizuri, asante dada. Barabarani nikaanza kumsema, eti yeye mwenyewe anapeperuka upepo wa ziwa ukivuma, atajua nini kuhusu mtoto mwenye afya. Lakini lile neno "umemzidi" nililibeba mpaka nyumbani. Usiku sikupata usingizi, na kulipokucha nilikuwa nimeshaamua. Katika yote aliyoniambia nesi, nikaenda kufanya lile moja alilonikataza.

Nilikunyima. Tulikula wali na samaki, wewe nikakuwekea kabichi la kuchemsha. Nilitangaza kibandani kwamba asiyenipenda akupe hata kijiti kimoja cha chipsi. Nilikushika tumbo mbele za watu, nikasema, "Hebu oneni hili." Nilidhani aibu ni dawa. Nilikuwa nimeanza kukuonea haya, sasa nakwambia ukweli, nilikuonea haya kwa mwili ambao niliujenga mwenyewe, sahani kwa sahani.

Ndipo nikakuta chipsi kwenye begi lako, zimefungwa kwa gazeti, zimepoa, mafuta yameloanisha daftari la hesabu. Nilizimwaga mezani mbele ya wateja. Nilipiga kelele. Nilikuita jina lile la ukutani, siyo jina nililokupa. Wateja wakacheka, siyo kwa ubaya, wamezoea utani wangu. Ulikwenda ukakaa kwenye kreti lako, ukageukia ukuta.

Asubuhi yake nilifika kufungua nikakuta picha imepakwa mkaa. Sehemu nyingine zote zilikuwa nzima, kijiko kiko, sahani iko, kreti liko. Uso tu ndio ulikuwa mweusi tii. Nikaanza kuwafokea watoto wa jirani. Nilikuwa namkamata sikio yule Masele wa mama muuza mkaa wakati ulipotoka nyuma ya kibanda, ukanyoosha mikono yako. Vidole vyote vyeusi.

"Mwache Masele. Ni mimi," ukasema.

"Kwa nini, Kabula?"

"Nimechoka kukaa, mama. Nakaa hapa, nakaa shuleni, na pale ukutani umeniweka nimekaa. Hata nikilala nimekaa."

Ulikuwa na miaka tisa. Masele alikuwa bado ananitazama na sikio lake mkononi mwangu. Nikamwachia. Nikaingia ndani, nikakaa juu ya kreti lako, na kwa mara ya kwanza nikaona kinachoonekana kutoka pale: gunia, ndoo, na matako ya mama yako mbele ya jiko. Hakuna kingine. Hata barabara haionekani. Miaka yote hiyo nilikuwa nimekuweka mahali ambapo mimi nakuona wewe, na wewe huoni kitu.

Nililia siku ile, na chipsi zikaungua. Unakumbuka ulichofanya? Ulichukua mwiko ukazigeuza.

Sitakudanganya kwamba tulibadilika siku ile ile kama kwenye mahubiri. Mimi ni mbishi, na baba yako ni mbishi kuliko mimi. Lakini asubuhi moja kabla ya kuwasha jiko nilikwambia twende tukapande kule kwenye mawe, kilimani nyuma ya nyumba, tukaone ziwa. Nilisema naenda kukuongoza. Hata nusu ya kilima hatujafika mimi nimeshika jiwe, moyo unapiga kama mtu anatwanga ndani yangu. Wewe ulikuwa mbele, jasho linakutoka, unahema, lakini umesimama. Ukanitazama ukasema, "Mama, wewe kaa hapo ulinde mabegi." Nilicheka mpaka nikakaa kweli. Ndio utani wako wa kwanza baada ya muda mrefu, na ulinipiga pale pale palipostahili. Hapo nikajua kwamba sikuwa nakupeleka wewe kilimani. Tulikuwa tunakwenda wote, na wote tulikuwa na safari.

Tukapanda tena, na tena, siku nyingine tukaacha, tukarudi. Chakula nacho kikabadilika, cha nyumba nzima kama nesi alivyosema. Soda ikahamia sikukuu. Baba yako aliinung'unikia ile sahani ya mchicha na dagaa wa kuchemsha utadhani amefukuzwa kazi. Kibandani sikuacha kuuza chipsi, na sitaona aibu kusema, kwa kuwa ndizo zilizokununulia tranka na godoro. Ila ulipotoka shule ulikuta michembe ya bibi, vile viazi vitamu vya kukausha, au ndizi na maji, na sahani ya chipsi ikawa kitu cha siku moja moja, unakula umekaa mezani na sisi, hujifichi.

Na ule uwazi wa pembeni, ambapo nilikuwa nimeshanunua nguzo za kujenga baraza la wateja, nikauacha. Watu waliniambia nimechanganyikiwa, sehemu nzuri vile karibu na barabara. Nikachukua zile nguzo nikajenga uzio upande wa barabara, mpira usitoke. Ndicho hicho kiwanja unachopigia kelele sasa hivi. Ilikuwa akili ndogo tu, Kabula, kuziba barabara badala ya kukuziba wewe. Ilinichukua miaka mitano kuipata.

Mwanzoni kwenye rede, huo mchezo wenu wa kukwepa mpira, walikulenga wewe. Ulisimama katikati, mrushaji mmoja huku mmoja kule, na mpira ulikupata kila mara kwa sababu walisema wewe ni mlango, haukosekani. Nilikuwa natazama kupitia kioo cha kabati huku nakaanga, na mara mbili niliweka mwiko chini nije nikutoe. Mara zote mbili nilijishika. Siku moja nilishindwa kujishika, nikatoka, lakini badala ya kukutoa nikafunga kitenge vizuri nikaingia katikati na wewe. Nilipigwa na mpira mgongoni kabla sijageuka. Wateja waliacha sahani zao. Baba yako, aliyekuwa amekuja kuchukua ufunguo, alisema hajawahi kuona aibu kubwa hivyo, kisha akaomba arushe mpira yeye. Ulicheka mpaka ukakaa chini kwenye vumbi. Tangu siku ile hawakukulenga kwa ubaya. Na ukajifunza kukwepa, ukajifunza kujaza ile chupa ya katikati mchanga huku unawatazama warushaji wote wawili, na leo wanakugombania timu.

Hukugeuka mwembamba. Nataka hilo likae kwenye karatasi, kwa sababu najua juzi mbele ya kioo ulikuwa unafikiria nini. Fundi cherehani alikupima akasema, "Huyu atakula kitambaa," na nikaona ulivyonywea. Una mwili, umejengeka kama shangazi zako, na huenda utakuwa hivyo maisha yako yote. Bibi yako yeye alipokuona umepungua kidogo alinijia juu, akaniuliza kama nimeanza kukupa mabaki. Kwa hiyo usitegemee kumridhisha kila mtu; mwili ule ule, mmoja atasema umezidi, mwingine atasema umekonda. Mimi siku hizi siutazami kwa jicho hilo. Nakutazama unavyopanda kilima bila kushika jiwe. Nasikiliza usiku, husikiki, umelala mdomo umefunga. Nakuona unavyorudi kutoka kiwanjani una vumbi na njaa ya haki na maneno mengi. Wakati wa kreti hukuwa na maneno.

Sasa mchakamchaka. Najua unachoogopa. Siyo mbio, maana mbio unaziweza. Unaogopa alfajiri ya kwanza, wasichana wasiokujua, mmoja anaanzisha wimbo, wote wanaitikia, na wewe uko nyuma unahema, halafu mtu anageuka anakutazama na kukupa jina. Ulisema kule hakuna anayekujua kwa jina la Bonge, na hutaki wakuanzie upya. Mwanangu, hilo naliogopa pia. Ningekuwa na uwezo ningekuja nikimbie pembeni yako na kitenge changu.

Na ile barua ya kifua, nikwambie, niliiandika. Jana, wakati uko saluni unanyolewa. Niliandika vizuri kabisa, "Mheshimiwa Matroni, binti yangu ana tatizo la kifua tangu utotoni," na mwandiko ukanyooka kuliko huu. Nilipofika kwenye sahihi nikajiona nina kitenge changu kizuri mbele ya yule mwalimu wa darasa la tatu. Nikaona msichana wa kidato cha kwanza amekaa peke yake kwenye ngazi za bweni na rundo la masweta ya wenzake, anasikia wimbo unakwenda mbali. Asubuhi ya leo nimewashia jiko karatasi ile. Viazi vya mwisho vya asubuhi viliiva kwa moto wake.

Ukiumwa kweli, sema, hakuna ushujaa wa kujificha ugonjwa. Lakini kama ni hofu tu, toka nayo nje, ukimbie nayo. Kaa mkiani kama unataka. Mtu wa mwisho naye anakimbia, tena anaitikia wimbo kama wengine. Wakikuita jina, unaruhusiwa kuumia; mimi mama yako niliwahi kukuita, na najua liliumiza. Ukishaumia, waambie unaitwa Kabula. Na kama kuna binti mwingine kule amekaa pembeni amepewa kazi ya kulinda mabegi, usipite. Mfundishe rede. Wewe unajua mahali alipo kuliko mwalimu yeyote.

Kuna mambo mawili ya mwisho, halafu nikuite ule.

La kwanza, ukizunguka mbele ya kibanda usishtuke. Ulipokuwa saluni jana, Shija alikuja. Unajua baada ya ule mkaa nilipaka chokaa kwenye picha, lakini maandishi niliyaacha. Nilijiambia wateja wamezoea jina. Kwa kweli niliogopa biashara, na wewe ukaendelea kupita chini ya jina lile kila siku ukienda shule, bila kunisema. Jana yamefutwa. Shija aliniuliza achore nini sasa, nikamwambia asichore kitu, aandike tu: CHIPSI KWA MAMA KABULA. Rangi bado mbichi, nimeegesha ubao mbele yake, ndiyo maana hujaona. Vijana wa bodaboda itawachukua muda, lakini wataniita hivyo la sivyo watakula kwingine.

La pili ni lile kreti. Ulipoacha kulikalia sikuwahi kulirudisha. Nililiweka pale pale, na khanga yake, kati ya gunia na ndoo. Nilikuwa naegeshea vyombo, lakini najijua, nilikuwa nakuwekea wewe. Leo asubuhi gari la soda limepita. Kijana wa gari akaniuliza kama nina makreti matupu. Nikaivuta ile khanga, nikaikunja, nikampa kreti. Akauangalia ule ufa, akasema, "Mama, hili la zamani sana." Nikamwambia najua.

Basi ukirudi likizo, mwanangu, ujue huku nyuma hakuna tena pa kukaa.

Mama yako,
Mama Kabula